Sisimizi Kwenye Ukuta wa Ushuhuda

Mpendwa Bi. Aoko,

Nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla ya kukasirika, maana hasira zako nazijua, tunazisoma kila Ijumaa hapa Gikomba kwenye meza za pasi, Matheka anayetuuzia makaa hushika gazeti akasoma kwa sauti kama mtangazaji wa mpira na sisi tunawacheka wanaokuandikia, nami nimecheka pamoja na wenzangu, sasa leo zamu ni yangu na kicheko sina.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, kwetu ni Kakamega, naishi Pipeline ghorofa ya sita na mume wangu Patrobas na watoto wetu wawili, kazi yangu ni kunyoosha nguo za mtumba kwa pasi ya makaa kabla wenye vibanda hawajazitundika, na tangu nilipokuwa na miaka kumi na moja nina kifafa. Kwetu ukiwa na kifafa watu hukutengea kikombe. Mama mkwe wangu alinitengea cha bati, akakitia alama ya rangi nyekundu, na kila alipokuja kututembelea Nairobi alikibeba kwenye mkoba wake ili mtu asije akasahau, maana anaamini mate yangu yanaambukiza. Miaka kumi na minne nimekunywa chai katika kile kikombe nikisema asante mama.

Mwaka jana muuguzi wa kliniki ya hapa mtaani alinibadilishia dawa, akaniambia nimeze asubuhi na jioni bila kuruka hata siku moja, nikafanya hivyo, nikakaa miezi minane bila kuanguka. Miezi minane, Bi. Aoko! Nikajua ni Mungu, na bado najua ni Mungu. Lakini kanisani kwetu, ambalo naomba usilitaje, tuna desturi kwamba aliyeponywa huleta madhabahuni kile chombo cha ugonjwa wake, iwe ni magongo au miwani au chupa ya dawa, nacho hufungwa kamba na kutundikwa ukutani upande wa kushoto, pale tunapaita Ukuta wa Ushuhuda. Na mchungaji wetu, tumwite Opicho, anafundisha kwamba uponyaji hukiriwa kwanza kwa kinywa ndipo mwili ufuate, anayengoja mwili ndipo akiri huyo hana imani. Basi siku ya maombi ya akina mama mchungaji akauliza nani ana ushuhuda, Patrobas ambaye ni shemasi akaniangalia, na miguu yangu ikasimama kabla sijaiamuru. Nikasema nimepona. Nikasema sijameza dawa tangu Pasaka. Wakapiga vigelegele, wakaniambia Jumapili nilete chupa.

Chupa ilikuwa bado na dawa nusu. Jumamosi nilizifunga kwenye karatasi nikazizika ndani ya kopo la unga wa wimbi, kisha nikaitazama ile chupa tupu nikaona haitasadikisha, itaonekana kama dawa nimezimaliza badala ya kuziacha, kwa hiyo nikanunua peremende nyeupe, zile ndogo za mviringo, nikazitia ndani. Pale madhabahuni niliitikisa mbele ya kipaza sauti na ikasikika mpaka barabarani. Mtu akarekodi kwa simu, video ikazunguka mpaka nyumbani Kakamega, na mama mkwe alipokuja mwezi wa nane hakubeba kikombe. Alikunywa chai kwa kikombe changu, ikabaki kidogo, akanipa nimalizie. Nililia, nikamwambia ni moshi wa jiko.

Tangu wakati huo nameza dawa chooni, kile choo cha mwisho kwenye korido, na Patrobas hajui. Nilijiambia ni uongo mdogo wa kumpa Mungu sifa, tena haujamdhuru mtu.

Ndipo akaja Triza. Triza ana miaka ishirini na miwili, meza yake ya pasi imepakana na yangu, ni mchangamfu, wateja wote anawaita mpenzi hata wazee wenye mikongojo, naye ana kifafa kama mimi ila alikuwa anakificha mpaka siku alipoiona ile video. Alinijia mbio na simu mkononi.

"Aunty Everline, kumbe ni wewe! Aki na hukuwahi kuniambia!"

Nikampeleka kanisani mimi mwenyewe, nimemshika mkono, maana ningesema nini? Jumapili ya tatu akaleta chupa yake, na ndani mlikuwa na dawa, Bi. Aoko, dawa za kweli za mwezi mzima. Tulipotoka nje nikamwuliza, "Triza, umebakisha kidogo nyumbani?"

Akacheka. "Nibakishe za nini? Kwani wewe ulibakisha?"

Nikasema hapana.

Siku ya kumi na moja alianguka akiwa ameketi, tukamdaka. Wiki iliyopita alianguka akiwa amesimama na pasi imejaa makaa, kifuniko kikafunguka, makaa yakamwagikia mkono wake wa kushoto na rundo la mapazia, watu wakatawanyika, mmoja anapiga kelele msimguse mtaambukizwa, mwingine analeta kijiko cha kumtia mdomoni, na ni Matheka aliyezima moto kwa gunia la maji. Mimi nilisimama. La kufanya nalijua kuliko wote waliokuwa pale na nilisimama, maana niliogopa nikimshika watu watakumbuka kwamba hata mimi niliwahi kuanguka hivyo. Sasa mkono wake umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko. Alipozinduka neno la kwanza aliniuliza, "Aunty, nimekosea wapi? Wewe ulifanyaje?"

Kanisani wamesema imani yake ina tundu. Mchungaji amempangia mfungo mkavu wa siku tatu, bila chakula wala maji, unaanza Ijumaa hii, na amenichagua mimi nikae naye nimfundishe jinsi nilivyoshinda. Triza amefurahi sana, ameniambia, "Ukiwa hapo na mimi, siogopi kitu."

Halafu Jumapili iliyopita nilifika mapema kufagia kanisa nikaona mstari mweusi unapanda ukuta. Ni sisimizi. Wametoka dirishani, wanapita juu ya miwani na magongo kama hawayaoni, wanakwenda moja kwa moja mpaka kwenye chupa yangu, wanaingia chini ya kifuniko na kutoka. Mama mwenzangu wa zamu ya usafi akaja akasimama nyuma yangu.

"Haiya, Mama Shemasi, kwani hii dawa yako ina sukari?"

Nikamwambia siku hizi huzipaka sukari zisiwe chungu.

"Na hizi chupa zingine mbona hawazitaki?"

Nikachukua kitambaa nikafuta, na kabla ya sala ya kufungua ibada walikuwa wamerudi.

Namwogopa Mungu, nawakumbuka Anania na mkewe walioanguka wakafa kwa uongo mbele ya mitume, na kila kichwa kikiniuma nasema ndiyo hiyo imefika. Namwogopa Patrobas. Nakiogopa kile kikombe cha bati, najua hakijatupwa. Naogopa nikisema ukweli wale watu mia tatu wa kanisani kwetu watasema kama Everline alidanganya basi yote ni uongo, na imani yao itakuwa imefia mikononi mwangu, na nikinyamaza naogopa pia. Niambie, je, kumeza dawa ni kumkana Mungu? Je, uongo uliosaidia watu kuamini ni dhambi sawa na uongo mwingine? Je, siwezi kumwambia Triza kwa siri arudie dawa bila kumwambia sababu? Namba yangu ya simu nimeiandika chini. Tafadhali badilisha majina yote, na ile habari ya peremende na sisimizi itoe, maana ukiiacha watanijua.

Ni mimi,
Everline, Pipeline.

BI. AOKO ANAJIBU

Everline, nimesoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, na nimekasirika kama ulivyotabiri.

Hebu rudia kuisoma barua yako mwenyewe. Unamwogopa Mungu, unamwogopa mume, unakiogopa kikombe, unaogopa watu mia tatu, hata sisimizi unawaogopa. Katika orodha yote hiyo sikuona mahali ulipoandika kwamba unaogopa Triza atakufa. Na ndilo jambo pekee katika barua yako lenye tarehe. Linaanza Ijumaa.

Umeniuliza maswali matatu. La kwanza, kama kumeza dawa ni kumkana Mungu. Jibu unalo, ndiyo maana unazimeza. Lakini kwa kuwa kuna wanaowatisha watu wagonjwa kwa Biblia, acha niifungue hiyo hiyo. Mfalme Hezekia aliomba akilia, Mungu akamwongezea miaka kumi na mitano, kisha nabii yule yule aliyeleta habari njema akaagiza tini zipondwe ziwekwe kwenye jipu. Sala na dawa katika chumba kimoja, siku moja, na hakuna aliyeona aibu. Paulo, ambaye leso zake ziliwaponya watu, alimwambia Timotheo anywe divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Hakumwambia akiri kwamba tumbo ni zima. Luka alikuwa tabibu na hakuna mtume aliyemwambia atundike mkoba wake ukutani. Mimi ni binti wa mwinjilisti, nimeombea wagonjwa tangu nikiwa mtoto na bado nawaombea, kwa hiyo mtu asiniletee barua wiki ijayo kwamba natukana imani. Nimesoma wanaoipinga dini na wanaoitetea, na sijakutana na mpinzani aliyeichafua kama hawa wanaomwambia binti mwenye kifafa kwamba amelala chini kwa sababu hakuamini vya kutosha.

La pili, uongo wa kumsaidia Mungu. Mama, Mungu hakutangaza kazi ya msemaji. Ayubu akiwa na majipu mwili mzima aliwauliza rafiki zake kama wanakusudia kumsemea Mungu uongo, na mwisho wa habari Mungu aliwakasirikia wao, si yule mgonjwa. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba ushuhuda wa kweli ulikuwa nao! Ungesimama pale ukasema: nilikuwa naanguka tangu utotoni, Mungu akanikutanisha na muuguzi mwenye akili, nameza dawa asubuhi na jioni, na huu ni mwezi wa nane niko wima. Nani angekunyang'anya huo? Wangapi kwenye viti vile wanaficha kifafa, presha na sukari, ambao wangetoka wamepona woga? Uliuacha ushuhuda huo ndani ya kopo la wimbi ukapeleka peremende madhabahuni.

Unasema watu mia tatu watapoteza imani. Imani inayoning'inia kwenye chupa yako acha ianguke, wakaitafute ile yenye msingi. Sisimizi wamekuwa wakilihubiria kanisa lenu ukweli tangu Jumapili, na wewe unawafuta kwa kitambaa.

La tatu, kumwambia Triza kwa siri bila sababu. Hapana. Atauliza kwa nini, nawe utatunga uongo mwingine, na kwa kipaji chako utakuwa mzuri. Binti aliyetupa dawa kwa kukuona wewe hatazirudia mpaka akuone wewe ukimeza.

Sasa kuhusu kikombe. Hapo nilisimama, nikaweka barua chini. Miaka kumi na minne ni mingi, na sitajifanya kwamba mimi ningeivumilia vizuri kuliko wewe. Kifafa hakiambukizi kwa mate, wala kwa povu, wala kwa chai iliyobaki. Mama mkwe wako alikuwa amekosea tangu siku ya kwanza, na badala ya kumwambia kwamba amekosea ulimwambia kwamba umepona. Kwa hiyo bado anaamini vile vile, amekuondoa wewe tu kwenye hesabu. Na siku ile pale mezani, mtu alipopiga kelele asiguswe nawe ukasimama, kikombe kile ulikuwa umempokeza Triza. Unajua ladha yake. Ukampa.

Mchungaji Opicho naye asidhani nimemsahau. Kumnyima maji siku tatu mgonjwa wa kifafa ambaye ana jeraha la moto ni kumweka kwenye hatari, na kama yuko tayari kulisimamia fundisho hilo na aje ashike pasi ya makaa badala ya Triza huku anangoja mwili ufuate. Hata hivyo haki itendeke: yeye hakujua mlikuwa na nini ndani ya chupa. Alimpa Triza agizo, lakini mfano wa kuufuata ulimpa wewe.

Basi sikiliza la kufanya, na usiniongezee la kwako.

Kesho Alhamisi fika Gikomba kabla Triza hajawasha makaa. Beba dawa zako, kwenye kopo hilo hilo la wimbi ukipenda. Mvute pembeni, mwambie: sikuacha dawa hata siku moja, chupa yangu ina peremende, umeungua kwa sababu ya uongo wangu. Kisha meza kidonge chako mbele yake kwa maji. Usimhubirie. Usimpe vidonge vyako, dawa yake na kipimo chake vinaweza kuwa vingine; mchukue asubuhi hiyo hiyo mwende kliniki, waambieni siku aliyoacha na mara alizoanguka, na ule mkono uangaliwe. Mpaka muuguzi aseme vinginevyo hashiki pasi na hakai karibu na jiko. Mfungo haupo. Akikuambia mchungaji atakasirika, mwambie kuna watu wawili wa kukasirikiwa mbele yake, wewe na mimi.

Anaweza kukuchukia. Anaweza kukutukana mbele ya mapazia yote ya Gikomba. Pokea. Na usianze kulia ili akubembeleze. Machozi yako yasubiri mpaka ametoka kwa daktari.

Akianguka tena, na hili ni la kila anayesoma: ondoa moto karibu yake, mgeuze alale kwa ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, usitie kijiko wala kidole mdomoni, tazama saa. Zikipita dakika tano, mkimbizeni hospitali. Mguseni. Hamtaambukizwa kitu.

Jioni hiyo mwambie Patrobas, kwa kinywa chako, na ukimaliza kaa pale mpaka atakapomaliza kuuliza. Mwanamume aliyeoa mwanamke wa kikombe cha bati na kuishi naye miaka kumi na minne pengine ana moyo kuliko unavyomkadiria. Kama hana, ni afadhali ujue. Jumapili nenda ukaikate ile kamba wewe mwenyewe.

Limebaki ombi lako la mwisho. Uliniomba nibadilishe majina, nimeyabadilisha yote, la muuza makaa pia. Kanisa sikulitaja. Uliniomba nitoe peremende na sisimizi. Nimekataa. Siri yako naiheshimu, lakini nimeipima na mkono wa yule binti, na mkono umekuwa mzito zaidi.

Barua yako imefika mezani kwangu leo Jumatano. Nimekupigia mara tatu hukushika, nikakutumia jibu hili lote kwa ujumbe, neno kwa neno kama litakavyochapishwa, na zile alama mbili zimegeuka buluu, kwa hiyo usiniambie hukuliona. Gazeti linatoka Ijumaa. Asubuhi hiyo yule niliyempa jina la Matheka atalishika kama kawaida yake, asome kwa sauti, na akifika kwenye peremende Triza atainua kichwa kutoka kwenye nguo anazokunja. Una Alhamisi moja ya kuhakikisha kwamba hasikii jambo jipya.